Sumu Iliyotoka Langoni: Kisa cha Uwanja wa Nguzo Viungani mwa Nakuru

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea viungani mwa Nakuru, kwenye uwanja ulio kandokando ya barabara ya lami. Majina ya watu, kikundi, kampuni na mtaa yameondolewa. Ukubwa wa ardhi na vipimo vya maabara vimetajwa kwa kukadiria, na mambo machache yasiyogusa somo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Kikundi chenyewe ndicho kilichoniomba nipitie faili ya mradi baada ya kazi kumalizika, nami nikazungumza pia na waliokuwapo tangu mwanzo.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na kiu ya ardhi hapa haijapungua. Viwanja vilivyokuwa vya viwanda, gereji na maghala vinagawanywa ploti. Wanunuzi wengi huuliza kama hatimiliki ni halali, kama barabara ipo, na kama maji na stima vimefika. Ni wachache wanaouliza ardhi yenyewe ilikuwa ikifanyiwa kazi gani. Kikundi hiki kiliuliza kabla hakijamaliza kulipa, na hilo pekee lingetosha kukifanya kisa hiki kifae kusomwa. Lakini kuna jambo la pili, na ndilo lililonisukuma kuandika: sehemu ya sumu haikuwa ndani ya ua, na kwa muda mrefu hakuna aliyeitafuta huko nje.

Usuli

Kwa karibu miaka ishirini uwanja huo ulikuwa kiwanda cha kutia dawa nguzo za mkaratusi: nguzo za stima na simu, pamoja na posti za fensi za wakulima. Mkaratusi ukisimikwa ardhini bila dawa, mchwa na kuvu huumaliza kwa miaka michache. Kwa hiyo nguzo zilizokauka husukumwa kwa kitoroli hadi ndani ya mtungi mrefu wa chuma, mlango unafungwa, hewa inanyonywa, kisha dawa inaingizwa kwa shinikizo mpaka ipenye ndani ya mti.

Dawa iliyotumika ni CCA, mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki. Aina yake inayojulikana zaidi, aina C, ina takriban asilimia 47.5 ya oksidi ya kromu, 34 ya oksidi ya aseniki na 18.5 ya oksidi ya shaba. Shaba inazuia kuvu, aseniki inaua wadudu, na kromu inazishikilia zote mbili zisitoke kwenye mti. Ni dawa inayofanya kazi yake vizuri, na ndiyo maana imetumika duniani kote tangu miaka ya 1930. Ni sumu vilevile. Marekani iliacha kuitumia kwa mbao nyingi za majumbani mwishoni mwa 2003, kwa sababu ya hofu ya watoto kuishika aseniki wanapocheza kwenye majukwaa na bembea za mbao.

Hatari kubwa ya uwanja wa aina hii iko kwenye saa na siku zinazofuata mtungi kufunguliwa. Nguzo hutoka zikiwa zimelowa chapachapa, na dawa hudondoka mpaka mti uishike. Kiwanda kinachofuata taratibu huziweka juu ya sakafu ya konkriti yenye mifereji inayorudisha dawa tangini. Hapa, kwa miaka ya mwanzo, nguzo zilidondosha dawa juu ya udongo mtupu. Sakafu ilijengwa baadaye, ikapasuka, na nyufa zake hazikuzibwa.

Udongo wa Nakuru una habari yake. Sehemu kubwa ni majivu ya volkano na mawe mepesi ya povu, udongo unaokunywa maji haraka. Chini yake kuna nyufa za Bonde la Ufa ambazo wakazi wanazijua vizuri, kwa sababu hufunguka ghafla wakati wa mvua kubwa na kumeza barabara na kuta. Maji ya mvua ya eneo hili yanaelekea Ziwa Nakuru, na ziwa hilo halina mto unaotoka. Kinachoingia kinabaki. Ziwa hilo ndilo lililokuwa la kwanza nchini kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda maeneo oevu, mwaka 1990.

Jambo jingine la Nakuru lililochangia kisa hiki ni floraidi. Visima vingi vya mashine hapa vina floraidi ya asili inayopita kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, na kila mtu anamjua mtu mwenye meno ya kahawia. Watu walipoambiwa kwamba maji huenda yana kemikali, wengi walidhani ni hadithi ileile. Wenye vichujio vya mkaa wa mifupa waliamini kwamba tayari wamejikinga. Vichujio hivyo viliundwa kwa ajili ya floraidi, na mtu asivitegemee kuondoa aseniki.

Jinsi mambo yalivyofuatana

Kiwanda kilifungwa, mashine zikakaa, na mwenye ardhi akatafuta mnunuzi. Aliyejitokeza alikuwa kikundi cha akiba na mikopo ambacho wanachama wake wengi ni walimu wastaafu na wafanyabiashara wadogo. Ardhi ilikuwa kama ekari tano. Mpango ulikuwa ploti thelathini na kitu za hamsini kwa mia, barabara ya ndani, na shule ya chekechea upande wa chini, karibu na lango la zamani, ambako palikuwa tambarare. Mkataba ulitiwa saini, malipo ya kwanza ya asilimia 10 yakatolewa, na upekuzi wa hatimiliki ukaonyesha kwamba ardhi haina deni wala kesi. Upekuzi wa hatimiliki hauonyeshi kilichomwagwa ardhini. Hakuna mahali pake pa kuandikwa.

Siku wanachama walipokuja kuonyeshwa ploti, alikuwapo mzee mmoja jirani ambaye alikuwa amefanya kazi kwenye mtungi kwa miaka mingi. Mwenyekiti wa kikundi, mwalimu mstaafu, alikuwa akiwaonyesha wenzake mahali pa chekechea.

“Mwalimu,” mzee alimwambia, “hapo si pa kuweka watoto. Hapo ndipo tulikuwa tunaosha mtungi.”

“Hebu nionyeshe vizuri, mzee.”

Akamwonyesha. Kwa nguvu ya kijiti alikwangua majani makavu na kufunua udongo wenye ukoko wa kijani kibichi, kama senti ya zamani ya shaba. Akamwonyesha pia kwamba hatua chache kutoka hapo kulikuwa na vichuguu vya mchwa kila mahali, lakini mahali hapo hapakuwa na hata kimoja, na nyasi zilikuwa zimekomea kwenye mstari. Mwalimu hakusubiri mkutano wa mwisho wa mwezi. Alimpigia wakili wa kikundi siku hiyohiyo.

Wakili alisimamisha malipo yaliyobaki kabla ardhi haijahamishwa. Mtaalamu wa mazingira aliajiriwa, sampuli zikachukuliwa, na kwa miezi kadhaa pande mbili zikabishana. Muuzaji alikuwa na jibu jepesi: angelipia malori ya udongo mwekundu umwagwe juu ya sehemu zote za kijani, ushindiliwe, na kila mtu aendelee na maisha. Wanachama wengine, hasa waliokuwa wamekopa ili walipe, walitaka wakubali.

Walivyoipima ardhi

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu kazi hii ilifanywa kwa akili.

Mtaalamu alikuja na mpango wa kuchora gridi na kuchukua sampuli kwa umbali ulio sawa. Ni njia inayokubalika, lakini mwenyekiti alisisitiza kwamba kwanza mzee wa mtungi atembezwe uwanja mzima. Alitembea polepole akiwaonyesha njia ya kitoroli, tangi la kuchanganyia dawa, shimo la tope lililofukiwa baada ya miaka ya mwanzo, mahali pa kupakilia malori, na rundo la kale la mabanzi, yaani vipande vilivyobaki baada ya kukata nguzo kwa kipimo. Gridi ilibaki, lakini mahali alipotaja paliongezwa sampuli katika vina vinne: udongo wa juu, nusu mita, mita moja na mita mbili. Shimo la tope halikuwa kwenye ramani yoyote ya kiwanda. Bila mzee huyo lingeangukia katikati ya miraba miwili ya gridi na kukosekana.

Matokeo yaliigawa ardhi katika sehemu tatu. Upande wa juu, magogo yalikokuwa yakikaushwa kabla ya kutiwa dawa, aseniki ilikuwa chini ya miligramu 10 kwa kilo ya udongo, kama ilivyo katika udongo mwingi wa kawaida. Katikati, nguzo zilizotiwa dawa zilikohifadhiwa, ilikuwa makumi kadhaa hadi mia na kitu. Kuzunguka mtungi, kwenye sakafu iliyopasuka na kwenye shimo la tope, ilipita 1,000, na katika shimo ilikuwa bado juu kwa kina cha mita mbili.

Ili kujua maana ya tarakimu hizo, walitumia viwango vilivyotolewa Uingereza mwaka 2014. Viwango hivyo vinategemea ardhi itafanyiwa nini. Kwa nyumba yenye bustani ya mboga, aseniki isizidi miligramu 37 kwa kilo. Kwa eneo la biashara, ambako watu wazima wanafanya kazi juu ya sakafu na hakuna mtoto anayecheza udongoni, mpaka ni 640. Tofauti hiyo haitokani na huruma kwa wenye biashara. Inatokana na njia ambayo aseniki huingilia mwilini: mtoto hushika udongo, hutia mkono mdomoni, na mwili wake ni mdogo.

Kisima cha mashine cha kiwanda kilipimwa mara moja, mwezi wa Februari. Aseniki ilikuwa chini ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani, mikrogramu 10 kwa lita. Floraidi ilikuwa juu, kama ilivyotarajiwa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa pesa, nao ndio uliofungua mlango wa mengine yote. Wakili alijadiliana mpaka sehemu kubwa ya salio ikawekwa kwenye akaunti ya pamoja ya mawakili wa pande zote mbili, ili ilipie usafishaji kabla muuzaji hajapewa kilichobaki. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba mchafuzi hulipa, na kifungu cha 108 kinaipa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, uwezo wa kutoa amri ya kurejesha mazingira. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Haki hizo ni za kweli, lakini zina muda wake. Wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa, waliodhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, walishinda kesi mwaka 2020 na kupewa shilingi bilioni 1.3. Hukumu hiyo ikatenguliwa na Mahakama ya Rufaa, hadi Mahakama ya Juu ilipoirejesha Desemba 2024. Wakili aliwaeleza wanachama hivyo tu: pesa mlizo nazo mkononi zina nguvu kuliko hukumu mtakayoisubiri. Naafikiana naye kabisa.

Uamuzi wa pili ulikuwa kukataa udongo mwekundu. Kufunika bila kuchimba, bila sakafu ngumu juu na bila kujua kilicho chini, kungeficha alama pekee zilizokuwa zikiwaonya watu. Msingi wa kwanza wa nyumba kuchimbwa ungeirudisha sumu juu.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kubadilisha ramani ya ploti ili ifuate ramani ya udongo. Nyumba zote zilisogezwa upande wa juu. Katikati palichukuliwa udongo wa juu, pakajazwa udongo safi na kutengwa kwa maduka ya vifaa vya ujenzi na maghala. Eneo la mtungi likawa maegesho ya malori juu ya konkriti. Ploti za makazi zilipungua karibu nusu, na chekechea ikahamishiwa kwenye ardhi nyingine kabisa. Mkutano uliopitisha jambo hilo ulikuwa mkali. Mwanachama mmoja aliuliza kwa nini watoto wa chekechea ambao hawajazaliwa wahesabiwe kuliko mkopo wake wa leo. Swali lake lilikuwa la haki na halikujibiwa kwa hotuba. Lilijibiwa kwa hesabu: mapato ya maegesho ya malori, kwa miaka michache, yangefidia ploti zilizopotea, kwa sababu uwanja uko kando ya barabara ya malori.

Uamuzi wa nne ulikuwa pa kuupeleka udongo mbaya. Kuupeleka jalala la Gioto kulikataliwa mara moja: ni jalala la wazi, na watu huchakura taka pale kila siku kutafuta riziki. Kijana mmoja wa kikundi alileta wazo la mmea unaofyonza aseniki, jimbi liitwalo Pteris vittata. Sifa yake ilitangazwa mwaka 2001 na watafiti waliolikuta Florida likistawi kwenye uwanja wa zamani wa mbao zilizotiwa CCA, na wazo lilistahili kusikilizwa. Lakini jimbi hufanya kazi kwa miaka mingi, hufikia udongo wa juu tu, na majani yake yakivunwa yanakuwa taka yenye sumu inayohitaji mahali pa kuwekwa. Kwa shimo la mita mbili halikufaa.

Waliamua kuchimba udongo mbaya zaidi, kuuchanganya na salfeti ya chuma na saruji, na kuuzika palepale ndani ya seli, yaani shimo lililotandikwa plastiki na kufunikwa konkriti. Salfeti ya chuma inafanya kazi mbili: inaibadilisha kromu ya aina hatari, yenye chaji sita, kuwa ile ya chaji tatu isiyotembea sana, na chuma chenyewe kinaishika aseniki. Saruji inapunguza asidi inayotokana na salfeti na kuufanya udongo uwe mgumu. Kabla ya kuchagua mahali pa seli walichimba mitaro ya majaribio kutafuta nyufa, kwa kuwa hakuna maana ya kuzika sumu juu ya ufa wa Nakuru.

Mpango mzima uliingizwa kwenye ripoti ya athari za mazingira na kupelekwa NEMA kuombewa leseni chini ya kifungu cha 58, na ombi la kubadilisha matumizi ya ardhi likapelekwa kaunti.

Kazi yenyewe

Kazi ilifanywa kiangazi, wakati vumbi la Nakuru linapaa. Udongo ulinyunyiziwa maji kila saa, malori yakafunikwa, na vibarua walivaa barakoa na kuacha nguo za kazi palepale zifuliwe. Seli ilitandikwa plastiki nzito, ile ya kutandikia mabwawa, na juu ikamiminwa konkriti ya maegesho.

Mambo mawili yalitaka kuharibika. Mkandarasi alikuwa ameshapata mnunuzi wa kifusi cha ile sakafu ya zamani, aliyetaka kukitumia kujaza misingi ya nyumba mtaa wa pili. Kipande kimoja kilipasuliwa, na ndani kilikuwa na madoa ya kijani. Kifusi chote kikaingia kwenye seli. Wafanyabiashara wa vyuma chakavu nao walikuja kuchukua mtungi. Uliruhusiwa kuondoka baada ya kuoshwa, na maji ya kuoshea yakatumiwa kuchanganyia saruji ya seli.

Mtaalamu alithibitisha kuta na sakafu ya mashimo kwa sampuli mpya kabla hayajajazwa. Mahali pawili palirudiwa.

Jambo ambalo halikuwa kwenye ripoti

Ripoti ya mwisho ilikuwa imeshatiwa saini mhudumu wa afya ya jamii alipomfikisha mwenyekiti kwenye jiko la jirani mmoja, nyumba ya tatu kutoka langoni.

Mama mwenye nyumba alikuwa akipika kwa mabanzi. Yalikuwa yamepangwa chini ya paa la jiko, makavu, na kwenye ncha zake rangi ya kijani ilionekana wazi. Kiwanda kiliyagawa kwa miaka, na kilipofungwa watu waliendelea kuchukua kutoka kwenye rundo. Jivu lake alilitia kwenye mkebe kando ya karo: hilo ndilo la kusugulia sufuria. Lililobaki alilimwaga chooni na kwenye mashina ya sukuma wiki kuzuia wadudu. Alieleza kwa furaha kwamba jivu hilo linafukuza wadudu kuliko jivu lolote.

Mti uliotiwa CCA ukiungua, metali haziungui. Sehemu ya aseniki inapanda na moshi, na kiasi kikubwa kinabaki kwenye jivu, kikiwa kimekusanyika katika ujazo mdogo na kikiyeyuka kwa urahisi kuliko kilipokuwa ndani ya mti. Sampuli ya mkebe ilipopimwa ilikuwa na aseniki nyingi kuliko shimo la tope. Jirani mwingine alisimulia kwamba ndama wake alikufa baada ya kulamba jivu lililomwagwa zizini. Ng'ombe hupenda ladha ya chumvi ya jivu hilo, na vifo vya namna hiyo vimeandikwa katika nchi nyingi.

Halafu kulikuwa na mtaro. Maji ya mvua ya uwanja yalikuwa yakitoka kwenye kona ya chini na kutuama kwenye shamba la mahindi la jirani. Udongo ukikaa na maji kwa muda mrefu hukosa hewa, na chuma kilichoishika aseniki huiachilia. Juu ya hayo, jirani alikuwa akipanda kwa DAP, mbolea yenye fosfeti, kila msimu kama wakulima wote. Fosfeti na aseniki hushindania mahali pamoja pa kushikwa kwenye udongo. Unapoongeza fosfeti, aseniki inasukumwa itoke, iingie kwenye maji na kwenye mizizi. Sampuli za shamba hilo zilipita kile kiwango cha 37 cha nyumba yenye bustani.

Kikundi hakikulazimika kisheria kugusa chochote nje ya ardhi yake. Mwalimu aliitisha mkutano na kusema kwamba pesa zilizobaki kwenye akaunti ya pamoja zilitengwa kusafisha uchafu wa kiwanda, na mabanzi ni uchafu wa kiwanda. Wakili wa muuzaji alipinga, kisha akakubali sehemu.

Walianzisha ubadilishanaji: leta mabanzi ya kijani, upewe kuni safi za uzito uleule. Kwa kuni ulifanikiwa sana, maana hakuna aliyepata hasara. Majivu yalikusanywa na kuingizwa kwenye ngome ndogo ya konkriti pembeni mwa seli. Mtaro ulielekezwa upya, na udongo wa juu wa kona ya shamba ukatolewa. Posti za fensi zilikwama. Posti iliyosimama haina hatari kubwa kama kuni, lakini siku moja itaoza au kung'olewa na kuchomwa, na hakuna mwenye boma aliyekuwa tayari kung'oa fensi nzima kwa ahadi.

Yaliyofaa

Kuzuia pesa kabla ya uhamisho ndilo jambo moja ningemshauri kila mnunuzi wa uwanja wa kiwanda aliige kesho asubuhi. Ardhi ikishahamishwa, mnunuzi ndiye mmiliki wa sumu machoni pa majirani, hata kama sheria inasema vingine.

Kumsikiliza mfanyakazi wa zamani kuliokoa mradi kuliko kifaa chochote. Ripoti nyingi ninazosoma zinaanza na picha za setilaiti na hati za kampuni, na mtu aliyeshika bomba la dawa kwa mkono wake anaishi mita mia mbili kutoka hapo bila kuulizwa. Ningependa pia mzee yule angepimwa afya yake mapema. Aseniki ya miaka mingi huonekana kwenye ngozi, viganja hukakamaa na madoa hutokea, na huhusishwa na saratani ya ngozi, mapafu na kibofu. Wafanyakazi wa zamani walipelekwa kliniki mwishoni kabisa, tena kwa msukumo wa mhudumu wa afya ya jamii.

Kulinganisha matumizi na udongo pia kulifaa, kwa sharti kwamba matumizi hayo yatadumu. Hapo ndipo pana shida.

Yaliyokwama

Mpaka wa uchunguzi ulichorwa kwa hatimiliki. Kiwanda kama hiki huleta dawa ndani kwa mapipa na kuitoa nje ikiwa ndani ya mti, katika maji ya mvua na kwenye magurudumu. Swali “kilitoka na nini, kikaenda wapi?” lilipaswa kuulizwa siku ileile mzee alipokuwa akitembezwa uwanjani. Alikuwa amelitaja rundo la mabanzi. Likapimwa udongo wake wa chini, na mbao zenyewe hazikufuatwa.

Maji yalipimwa mara moja, kiangazi. Katika udongo huu unaopitisha maji haraka, kipimo cha Februari hakisemi lolote kuhusu Mei. Kisima cha chini kabisa ya mteremko, cha jirani, hakikuguswa hadi mwaka wa pili.

Na kumbukumbu. Hatimiliki za ploti mpya zilitoka bila neno lolote kuhusu kilicho chini. Mikataba ya kikundi inakataza kuchimba maegesho, lakini mikataba huishia kwenye makabati, na mnunuzi wa tatu hataiona. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inamruhusu msajili, katika kifungu cha 76, kuweka zuio kwenye ardhi, yaani katazo linaloandikwa kwenye rejista. Hilo lingefanywa kwenye hatimiliki mama kabla ya kugawanya, lingerithiwa na kila ploti bila gharama ya ziada.

Nilipofunga faili, ombi la zuio lilikuwa limepelekwa kwa msajili kwa ploti zilizo juu ya seli na zinazopakana nayo. Kikundi kimekubali sehemu ya ada ya malori ilipie kipimo cha visima viwili, cha ndani na cha jirani wa chini, mwishoni mwa masika na mwishoni mwa vuli, pamoja na ukaguzi wa nyufa za konkriti kila mwaka. Fensi zilizo na posti za kijani zimeandikwa katika daftari la mhudumu wa afya ya jamii, nyumba kwa nyumba. Atakayebomoa fensi anajua pa kupeleka posti zake, nazo kuni safi bado zipo.